Kitenzi-jina cha Kiingereza hakikai palipo na "to" tu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza vifaa vya simu Kariakoo, nakaa Mbagala, na mwaka huu nimejiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwenye tuisheni tulipewa sentensi kumi za Kiingereza, tukaambiwa tupigie mstari "infinitive". Nilipigia mstari kila kitenzi kilichofuata neno "to", nikapata nne kwa kumi. "She made him cry" niliandika haina, mwalimu akasema ipo. "I am looking forward to seeing you" niliandika ipo, akasema haipo. Muda ulikuwa umekwisha, hatukuelezwa sababu. Nizitambueje? Na nikishaipata, niiandike pamoja na "to" au niiache?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kurudi darasani huku biashara ikiendelea. Hizo nne ulizipata kwa kanuni ambayo hata mimi nilifundishwa shuleni: tafuta "to", na kitenzi kinachoifuata ndicho chenyewe. Kanuni hiyo inatosha siku ya kwanza tu. Kuanzia siku ya pili inakukosesha, kwa kuwa Kiingereza kina "to" mbili tofauti zinazoandikwa na kutamkwa sawasawa, na tena kina vitenzi vya namna hiyo vingi sana visivyo na "to" kabisa. Ukiiwinda "to", utabeba visivyotakiwa na kuviacha vinavyotakiwa. Ndivyo ilivyokutokea.

Kabla hatujaingia kwenye Kiingereza, naomba tukae kidogo kwenye Kiswahili, maana jambo hili unalijua tayari bila kujijua. Kinachoitwa "infinitive" kwenye karatasi yako sisi tunakiita kitenzi-jina: kusoma, kuuza, kulia. Ukisema "kuuza" peke yake, hujasema nani anauza wala anauza lini. Kitendo kipo, lakini hakina mwenyewe na hakina wakati. Ndiyo maana kinaweza hata kukaa mahali pa jina na kupewa ngeli yake: "kuuza kwako kumenifurahisha."

Sasa tazama maneno haya: kuuza, hakuuza, nakuuzia, anakula, kuku, kule. Yote yana "ku". Tena neno "hakuuza" lina herufi zote za "kuuza" ndani yake, kwa mpangilio uleule. Je, ungeambiwa utaje kitenzi-jina ungelitaja? Hata mtoto wa darasa la tatu hatalitaja. Anajua kwamba "hakuuza" kuna mtu fulani, na ni jana au juzi, na hakufanya. Ile "ku" inakanusha wakati uliopita. Kwenye "nakuuzia", "ku" ni wewe mnunuzi. Kwenye "anakula" imebaki kwa sababu mzizi "-la" ni mfupi mno, unahitaji wa kuushika mkono. Hukuwahi kudanganywa na "ku" hizi, kwa sababu huangalii herufi. Unasikiliza kama kitendo kina mwenyewe na wakati wake. Sikio hilohilo ndilo nataka ulipeleke kwenye Kiingereza.

Kipimo changu cha kwanza, ambacho wanafunzi wangu wa jioni nawafanyisha mpaka wakifanye wakiwa wamesinzia, ni kuisogeza sentensi kutoka leo kwenda jana. Chukua sentensi ya kwenye daladala:

"The conductor tells us to move back."

Konda anatuambia tusogee nyuma. Sasa ifanye iwe ya jana: "The conductor told us to move back." Angalia kilichobadilika. "Tells" imekuwa "told". Na "move" je? Imekaa vilevile. Haijawa "moved". Kitenzi kinachobeba wakati wa sentensi ni "tells", na hicho ndicho kinachoangaliana na konda. "Move" hakibebi wakati wowote, kwa hiyo leo au jana kwake ni mamoja. Hicho ndicho unachokitafuta.

Njoo sasa kwenye sentensi iliyokuponyoka. "She made him cry" tayari ni ya jana. Irudishe leo: "She makes him cry." "Made" imegeuka "makes", "cry" imebaki "cry". Kama "cry" ingekuwa kitenzi chenye wakati wake, ile ya jana ingetakiwa iwe "cried", na huwezi kusema "She made him cried". Umeona? Hapana "to" hata moja, na kitenzi-jina kipo. Mwalimu wako alikuwa sahihi.

Linganisha na "They buy fish at night." Hapo "buy" inaonekana uchi, haina mkia wowote, lakini ukiipeleka jana inakuwa "They bought fish." Imebadilika, kwa hiyo ina wakati wake, kwa hiyo siyo. Herufi ni zilezile b, u, y. Kazi ndiyo tofauti.

Kipimo hiki kina sehemu mbili ambapo kinayumba, na ni vizuri uzijue mapema. Vitenzi kama "put", "cut" na "let" havibadiliki hata vikiwa na wakati: "They put it here" inaweza kuwa ya leo au ya jana. Hapo badilisha mtenda. Weka "she" badala ya "they", sentensi ikiwa ya leo, uone kama kitenzi kitavaa "s". "She puts it here": kimevaa, siyo kitenzi-jina. "She wants to put it here": aliyevaa ni "wants", "put" haijaguswa. Sehemu ya pili ni maneno yenye mkia wa "-ing". Nayo hayabadiliki ukihamia jana, lakini mkia unayafichua. Neno la kwanza la kitenzi-jina cha Kiingereza, ukiiacha "to", halina mkia: si "s", si "ed", si "ing". Na konda akipaza sauti "Move back!", hiyo ni amri. Ina mwenyewe aliyejificha, "you", ambao ni ninyi abiria, na haina jana. Usiipigie mstari.

Sasa, wapi hasa kitenzi-jina hutembea bila "to"? Kundi kubwa kuliko yote ni baada ya visaidizi "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will" na "would". Kwenye "He can swim", "swim" ni kitenzi-jina. Kundi la pili, ambalo watu wengi hawalifikirii, ni baada ya "do", "does" na "did" katika maswali na ukanushi. "Did you see him?" Hapo "see" ni kitenzi-jina. Kisha kuna "make" na "let", na vitenzi vya kuona na kusikia kama "see", "hear" na "watch" vinapofuatwa na mtu na kitendo chake: "I saw him fall." Kuna pia "had better" na "would rather". "Help" inakubali njia zote mbili: "She helped me carry the box" na "She helped me to carry the box" zote ni sahihi.

Nikae kidogo kwenye makundi hayo mawili ya kwanza, kwa kuwa ndipo makosa yetu mengi ya kuandika yanapozaliwa. Sisi tunasema "anaweza kuogelea". "Ku" ipo, na ni lazima iwepo. Basi mtu akija kwenye Kiingereza anaibeba, anaandika "He can to swim". Ameitafsiri "ku" kwa uaminifu kabisa, na amekosea. Kosa la pili ni "She didn't went". Mwandishi amesikia kwamba jambo ni la jana, akaona kila kitenzi kiseme jana. Lakini "did" imeshasema. Kinachoifuata ni kitenzi-jina, na kitenzi-jina hakina jana: "She didn't go". Ukielewa hilo umejiokoa na makosa ya insha nzima, si swali moja la kupigia mstari. Ndiyo maana somo hili nalithamini kuliko linavyothaminiwa kwenye mitihani.

Kwa nini Kiingereza kinafanya hivi? Hii ni historia fupi, nami naipenda. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kitenzi-jina cha Kiingereza cha kale kilikuwa na alama yake mwishoni, kama sisi tulivyo na yetu mwanzoni. Kuimba kulikuwa "singan". Kijerumani, ndugu yake, hadi leo kinasema "singen". "To" ilikuwa neno la kuelekea mahali, na ilipotakiwa kusemwa "kwa ajili ya kuimba", waliiweka mbele: "to singenne". Karne zikapita, ile mikia ikalika midomoni mwa watu mpaka ikaisha kabisa. Kitenzi kikabaki bila alama, na "to" ikapewa kazi ya kukitambulisha. Lakini vitenzi vilivyozoea kufuatwa na umbo lisilo na "to", kama wazee wa "can" na "shall", viliendelea na mazoea yao. Kwa hiyo "He can swim" haijapoteza "to". Haikuwahi kuwa nayo.

Historia hiyo inaeleza pia kosa lako la pili. Ile "to" ya zamani ya kuelekea haikufa. Ingali inafanya kazi yake kama kihusishi, na baada ya kihusishi Kiingereza kinataka jina au umbo la "-ing". Kwenye "I am looking forward to seeing you", hiyo ni "to" ya kuelekea: moyo wangu unaelekea kwenye kukuona. Kuitambua ni rahisi. Ondoa kila kinachofuata "to", weka "it" mahali pake. "I am looking forward to it." Inakubali, basi ni kihusishi. Sasa jaribu "I want to see you": "I want to it." Haikubali, basi "see" ni kitenzi-jina. Kipimo hiki kinapasua hata neno kama "work", ambalo ni jina na ni kitenzi. "I walk to work" inakubali "I walk to it". "I want to work" haikubali "I want to it".

Na sentensi moja inaweza kuwa nazo zote mbili: "She went to Feri to buy fish." "To" ya kwanza inampeleka mtu sokoni. Ya pili inasema amekwenda kufanya nini. Kwa Kiswahili, "alikwenda Feri kununua samaki", ya kwanza hata haionekani.

Hapa naomba umakini wako wote, kwa sababu kuna ushauri unaozunguka sana, kwamba "tafsiri kwa Kiswahili, ukiona 'ku' ndiyo yenyewe." Ushauri huo una hatari zaidi kuliko ule wa "to". Nimeandika sentensi hii nikikufikiria wewe na duka lako:

"I used to wake up at five to catch the bus to Kariakoo, but now I am used to sleeping late because my brother lets me open the shop at nine."

Kwa Kiswahili: zamani nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri ili niwahi basi la Kariakoo, lakini sasa nimezoea kulala mpaka asubuhi kwa sababu kaka yangu ananiruhusu nifungue duka saa tatu.

Hesabu "to" kwenye Kiingereza: ni nne. "Used to wake": jaribu "I used to it", haikubali, basi "wake" ni kitenzi-jina. "To catch": "to it the bus" haiwezekani, hicho ni cha pili. "To Kariakoo" ni mahali, iache. "Am used to sleeping": "I am used to it" inakubali kabisa, na mkia wa "-ing" umeshajitangaza, iache. Kisha nenda kwenye "lets me open", isiyo na "to" yoyote. Ipeleke jana: "let me open". "Open" haikuwa "opened". Hicho ni cha tatu. Kwa hiyo "to" ni nne, vitenzi-jina ni vitatu, na ni viwili tu vilivyo pamoja na "to".

Sasa rudi kwenye tafsiri utafute vitenzi vinavyoanza na "ku". Kimoja tu: "kulala". Nacho kimesimama pale hasa ambapo Kiingereza hakina kitenzi-jina, kwenye "sleeping". Vile vitatu vya kweli kwa Kiswahili vimekuwa "naamka", "niwahi" na "nifungue". Hakuna hata kimoja kinachoanza na "ku".

Sababu yake inafundishika. Kiswahili hukipa kitendo mwenyewe mara tu mtenda anapobadilika. "Nataka kununua" ni mimi na mimi. Lakini nikitaka wewe ununue, nasema "nataka ununue", umbo lile linaloishia na "e". Kiingereza hakisumbuki: "I want to buy", "I want you to buy", kitenzi ni kilekile. Ndiyo maana "tusogee" ya konda ilikuwa "to move". Na "alimfanya alie" ni "made him cry": kwetu mtu ameingia ndani ya kitenzi, kwao amebaki nje na kitenzi kimebaki kitupu. Kwa upande mwingine, "ku" yetu inakwenda mahali ambapo Kiingereza kinaweka "-ing": "kabla ya kula" ni "before eating", na "nafurahia kuogelea" ni "I enjoy swimming". Kwa hiyo tafsiri ili uelewe sentensi inasema nini. Ukishaelewa, pima kwa Kiingereza chenyewe.

Yaliyobaki ni mepesi. Wakati mwingine "to" moja hubeba vitenzi kadhaa: "She wants to wash, cut and fry the fish" ina vitenzi-jina vitatu, ingawa "to" imeonekana mara moja. Sisi tungesema kuosha, kukata na kukaanga, "ku" kila mahali, ndiyo maana vile viwili vya mwisho husahaulika. Kikanushi hukaa kabla: "He told us not to shout." Kuna pia vya msururu mrefu: "The bus seems to have left", "The fish has to be sold today." Hapo pigia mstari kundi zima, "to have left" na "to be sold", kwa kuwa yanafanya kazi pamoja. Ukikuta neno limejipenyeza katikati, kama "I want to really understand this", ruka hilo neno, kitenzi-jina ni "to understand". Tangu karne ya 19 wapo walimu waliokataza kupenyeza neno namna hiyo. Mimi sioni kosa, lakini kwenye insha ya mtihani usipenyeze, maana humjui atakayesahihisha.

Kuna jozi moja ninayotaka uondoke nayo, kwa sababu hapo kuchanganya kunageuza habari. "The driver stopped to talk": dereva alisimama ili aongee. "The driver stopped talking": dereva aliacha kuongea. Kwenye ya kwanza gari limesimama na maneno yanaanza. Kwenye ya pili maneno yamekwisha na gari huenda linaendelea na safari. Na tazama tena "ku" imekaa wapi.

Kuhusu kuandika jibu: kama "to" ipo na ni ya kitenzi-jina, iandike pamoja nacho, "to catch". Kama haipo, usiiongeze. Andika kitenzi peke yake. Kwenye "used to wake" utakuta walimu wanatofautiana, wengine wanaichukua "used to" kama kisaidizi kizima na kupigia mstari "wake" tu. Muulize wa kwako anataka ipi, kisha uishike hiyohiyo. Kuna jambo moja la kushangaza kidogo: ukiigeuza sentensi yako iwe katika hali ya kutendwa, "to" inarudi, "He was made to cry", na hapo jibu lingekuwa "to cry". Lakini kwa jinsi ulivyoletewa, "She made him cry", jibu ni neno moja tu: "cry".